Mume wa Kwenye Kadi

Jumatatu, 12 Januari. Hombolo

Jana mvua, leo jua la kukaanga mtu. Mwenye shamba akatutoa wote kupuliza salfa kabla ukungu haujashika zabibu. Salfa ni unga wa njano, unanuka kiberiti, unaingia mpaka kwenye meno. Mimi, Ruthu na Nurdini tulijifunga khanga na mashati usoni. Sila naye alijifunga, lakini Sila ana pumu, na pumu haijali khanga.

Kabla hata chai haijaja alikuwa amekaa chini katikati ya mizabibu, mabega yanapanda na kushuka, anavuta pumzi kwa mluzi. Mwenye shamba akasema mtu mgonjwa atafute kazi za kukaa. Nikamuuliza, "Zipi?" Akawasha pikipiki yake akaondoka.

Zahanati wakampa huduma ya kwanza, kisha wakauliza: ana bima? Hana. Nani kati yetu anayo? Hakuna. Tukachanga tulichokuwa nacho, kikaishia kwenye dozi nusu. Dozi nusu! Kila kijana hapa ninayemjua anatibiwa nusunusu. Anameza vidonge vya siku mbili, akipata nafuu anarudi shambani, wiki inayofuata yuko chini tena.

Nimekasirika hata ugali haupiti.

Jumanne, 13 Januari

Sila kalala amekaa, mgongo ukutani. Nimemsikia kupitia ukuta usiku kucha.

Jumatano, 14 Januari

Niandike tunavyoishi, maana nikiwa mzee nitakuwa nimesahau. Nyumba ni ya matofali mabichi, vyumba viwili nyuma ya shamba. Mimi na Ruthu kimoja, Nurdini na Sila kingine. Sufuria moja. Ruthu ana miaka kumi na tisa na mdomo usiopumzika. Nurdini ni Mrangi wa Kondoa, anapika kuliko sisi wote na anajua hivyo, ndiyo maana anakera. Sila alikuwa akivua samaki na bibi yake kule Mtera, bibi akafa, akaja huku. Mimi ni Asnath binti Eliakimu, wa Handali, kidato cha nne nimemaliza, cheti kiko chini ya godoro.

Leo Mama Ursula, mwandikishaji wa bima, amepita na simu yake. Anasema bima ni ya kaya: baba, mama, watoto, wategemezi, mpaka watu sita.

"Na kijana anayejitegemea?" nikamuuliza.

"Mwanangu, kijana yuko kwenye kaya ya wazazi wake."

"Asiye na wazazi je?"

Akaangalia juu kama jibu liko kwenye bati. Akasema atakuja tena Jumapili baada ya ibada.

Jumapili, 18 Januari

Tumefanya jambo. Sijui kama ni la akili au la wehu.

Tumekuwa kaya. Pesa tumechanga, ila mkuu wa kaya lazima awe na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na mwenye namba ni mimi tu. Nurdini aliomba zamani, mpaka leo anaambiwa asubiri. Basi Mama Ursula akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, miwani puani, akaanza kuandika. Ruthu, mdogo wangu. Sila, mdogo wangu. Hapo tulikuwa tumeshapatana. Tulichosahau kupatana ni Nurdini.

"Na huyu kijana?"

Nikanyamaza. Ruthu akanyamaza, muujiza. Mama Ursula akanitazama, akamtazama Nurdini, akatabasamu kama wanavyotabasamu watu wa kwaya.

"Mume?"

"Ndiyo mimi mama, shikamoo," akasema Nurdini.

Ruthu akapaliwa na kicheko, akajifanya anakohoa. Mimi nikafungua mdomo, nikaona Sila ananitazama, nikaufunga. Tukapigwa picha mmoja mmoja ukutani. Mama Ursula akaniambia, "Hongera mwanangu, mbona kimyakimya hivi?"

Alipoondoka nikamrushia Nurdini mwiko. Akaudaka.

Jumatano, 28 Januari

Bado kadi haisomi kwenye mfumo. Salfa tena kesho. Nimemwambia mwenye shamba Sila atafunga kreti kwenye banda. Amekubali kwa kununa.

Jumanne, 3 Februari

Kadi imesoma! Ruthu kaijaribu kwa jino lililomsumbua tangu Krismasi. Amerudi shavu limevimba, anaringa kama ametoka harusini. Anasema walimwita jina lake lote, "kama mtu wa ofisini."

Jumatano, 4 Februari

Sila amepewa dawa ya kuvuta mdomoni, inhela, na vidonge vya dozi nzima. Ameambiwa ikikaribia kwisha arudi kuchukua nyingine, asingoje kubanwa.

Alhamisi, 5 Februari

Amelala amejinyoosha. Nilizoea mluzi wake, kimya kikaninyima usingizi.

Jumatatu, 9 Februari

Nurdini ananiita "mke wangu wa serikali" mbele ya wavunaji wengine. Nimemwambia akirudia nammwagia maji ya vyombo. Amerudia. Nimemmwagia.

Jioni nikakuta ndoo zangu zote zimejaa. Hakuna aliyesema ni nani kazijaza. Hapa anayeamka mapema kuliko mimi ni mmoja tu. Sijui nimshukuru au nimwage tena.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu kwangu, na Nurdini anaingia kwenye mfungo. Kavuna siku nzima bila tone la maji, halafu akapika futari ya sisi wote, watatu tusiofunga tukala zaidi yake. Nimemtazama akikoroga uji. Nimeacha kumtazama.

Kiwanda cha mvinyo kinapima sukari ya zabibu kesho. Wingu limekaa upande wa Chamwino, haliji haliondoki. Ikinyesha sasa zinapasuka.

Jumapili, 22 Februari

Ruthu ananiambia hivihivi, akisuka nywele: "Kwaya ya kina Mama Ursula ilialikwa Handali wiki iliyopita, ulijua?"

Handali. Kwetu. Kanisani kwa baba yangu.

Nimekaa chini kwanza.

Jumatatu, 23 Februari

Simu ya baba haijaita. Hiyo ni mbaya kuliko ingeita.

Jumanne, 24 Februari

Haijaita.

Alhamisi, 26 Februari

Amekuja mwenyewe.

Nilimwona kutoka kwenye mizabibu, kofia yake ya kanisani, fimbo, viatu vimejaa tope. Nikaweka kreti chini na kwenda kumpokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbukwenyi," akawasalimia na wengine kwa Kigogo, kwa adabu zote, wakamuitikia. Kisha kwangu: "Nimekuja kumwona mkwe wangu. Mkwe ambaye ng'ombe wake sijawaona, wala mjomba wake sijamwona, wala barua."

Niseme baba ni mtu gani. Mzee Eliakimu ni mzee wa kanisa ambaye hajawahi kusema uongo, na hilo si sifa ya kupamba. Kulitokea kesi ya ng'ombe kijijini, akatoa ushahidi dhidi ya ndugu yake wa damu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba mdogo hajamsalimia tena. Kwa hiyo nilijua mawili: siwezi kumdanganya, na siwezi kumwomba anidanganyie.

Nurdini akatokea na kreti begani, midomo imekauka kwa funga. Akaiweka chini, akainama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye?"

Nurdini akanitazama. Mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. "Mimi mzee, ila kwenye kadi tu. Sijamgusa mwanao hata mkono, isipokuwa aliponimwagia maji."

Nikasema yote. Salfa, dozi nusu, ndoo ya Mama Ursula, "mume?" Baba alisikiliza bila kukatiza, fimbo katikati ya magoti.

"Kwa hiyo mmemdanganya mwanamke wa watu mchana kweupe, na yeye kwa furaha yake akanipongeza mbele ya kanisa zima. Mimi nikasimama pale naitwa baba wa bibi harusi."

"Nisamehe baba."

"Nimekusamehe. Utakwenda kwake umwambie kweli."

"Nikimwambia, Sila anatoka kwenye bima."

"Sila ni nani?"

Nikageuka kumwonyesha. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao, ameshika kikombe. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Pole kijana," baba akamwambia, na alimaanisha. "Lakini kweli ni kweli."

Nikalia mbele ya watu kwa hasira, si kwa aibu. Ni rahisi kusema kweli ni kweli ukiwa unavuta pumzi bila kuifikiria! Nilitaka kumwambia hivyo, nikameza. Ni baba yangu.

Ijumaa, 27 Februari

Mama Ursula yuko mjini, Makole, kwa binti yake aliyejifungua. Anarudi baada ya siku kumi. Baba kasema atamsubiri. Amefikia kwa rafiki yake wa kanisani, lakini alfajiri yuko hapa.

Jumamosi, 28 Februari

Baba hawezi kukaa bure. Kachukua mkasi, anavuna na sisi. Ameonja zabibu, akasema, "Tunda gani hili, halisagwi wala halipikwi." Ameendelea kula mstari mzima.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Kreti zimefunikwa na turubai, tumekaa bandani. Nurdini na baba wamebishana kuhusu kipi kinajaza tumbo zaidi, mtama au mahindi, mpaka Ruthu akalala. Baba anamwita "huyu wa Kondoa." Nurdini anamwita "mzee wangu." Nimemsikia baba akicheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Sila anakohoa. Nikamuuliza dawa ipo? "Ipo." Nikamwambia anionyeshe. Akapiga mfuko wa shati.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Zabibu zimeanza kupasuka. Mwenye shamba anagombeza mawingu. Sila hajala. Anasema ni baridi.

Ijumaa, 6 Machi

Jana sikuweza kuandika.

Mvua ilikatika asubuhi, tukapelekwa mbio kuokoa zilizobaki. Moshi wa majani mabichi ulikuwa unatoka shamba la jirani, umelala chini kwa sababu ya unyevu. Ruthu ndiye aliyepiga kelele. Nilipofika Sila alikuwa kwenye tope, kwa mikono na magoti, midomo rangi ya zabibu. Mluzi haukuwepo. Hewa ilikuwa haiingii hata ya kupigia mluzi.

Nikaingiza mkono mfukoni mwake, nikatoa inhela, nikaitikisa. Tupu. Nikaibonyeza mdomoni kwake. Tupu kabisa.

"Kwa nini hukwenda kuchukua nyingine? Sila! Kwa nini?"

Ruthu akajibu, analia. "Alisema hataki kuitumia kadi tena. Alisema akiiacha, wewe utaifuta kadi bila mzigo moyoni, na baba yako ataondoka."

Jamani. Mtu anajinyima pumzi ili mimi nisivunjiwe heshima! Nilitaka kumpiga kofi na kumbeba kwa wakati mmoja.

Aliyembeba ni Nurdini. Mtu hajanywa maji tangu alfajiri, akamweka Sila mgongoni akakimbia naye mpaka barabarani, tope linamvua viatu, hakurudi kuvichukua. Bodaboda mbili. Baba akapanda ya pili na mimi. Alikuwa ananishika bega kwa nguvu mpaka leo panauma.

Kituo cha afya hawakutuuliza kitu mlangoni. Wakamlaza, wakamvalisha barakoa, mashine ikaanza kutoa mvuke wa dawa. Nesi mmoja, mama wa makamo mwenye sauti kavu, akaja kwetu baadaye akiwa na kadi.

"Tunamtibu, hilo msiwe na wasiwasi. Lakini anaweza kuhitaji kupelekwa mjini, na lazima nifungue faili sahihi. Huyu Sila ameandikwa ni mdogo wa mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi."

"Majina yenu hayafanani hata moja."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nakwenda kusema. Namwapia Mungu nilikuwa nakwenda kusema kweli yote, kwa sababu baba alikuwa amesimama ubavuni kwangu, na mbele yake ulimi wangu haujui njia nyingine.

Nesi akamgeukia yeye. "Mzee, wewe ndiye baba wa huyu binti?"

"Mimi."

"Na huyu mgonjwa ni mwanao?"

Baba akavua kofia. Akaangalia kitandani, Sila amefumba macho, kifua kinapigana na ile mashine. Aliangalia muda mrefu mpaka nesi akaona vibaya akataka kurudia swali.

"Ni mwanangu," akasema baba. "Mtibuni."

Nesi akaandika akaenda. Baba akatoka nje. Nikamkuta kwenye benchi, kofia magotini, analia bila sauti. Sijawahi kumwona analia, hata mama alipofariki. Nikakaa naye. Nurdini akaketi upande wa pili, miguu mitupu, adhana ya magharibi ikaita, na baba yangu ndiye aliyeinuka akamnunulia chupa ya maji.

Usiku Sila akavuta pumzi ndefu. Mjini hakupelekwa, haikulazimu.

Jumamosi, 7 Machi

Sila karuhusiwa. Baba kamkalisha kwenye kitanda.

"Nimesema mbele ya watu kwamba wewe ni mwanangu. Mimi si mwongo, na siwezi kuanza uzeeni. Kwa hiyo itabidi uwe. Mtama wangu unakaribia kukomaa, ndege wamejaa, na mtoto wangu wa kiume hawezi kukaa Hombolo anakula zabibu wakati shamba linaliwa. Utakuja Handali kuamia ndege."

Sila alidhani anatukanwa. Akanitazama. Nikamwambia, "Sema ndiyo baba, mpumbavu wewe." Akasema.

"Na Nurdini je?" Ruthu akadakia, hana breki huyu.

"Kuhusu huyo," baba akasema, anavaa kofia, "nesi hakuniuliza."

Jumatatu, 9 Machi

Mama Ursula amerudi. Nimekwenda peke yangu, nikamwambia kila kitu, baba amesimama barabarani ili asinisaidie.

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akapandisha sauti. "Asnath! Nilisema wategemezi. Nilisema, hukunisikia? Mnakaa nyumba moja, mnakula sufuria moja, wewe ndiye mkubwa wao. Mngesema tu! Nani kawaambia lazima mwoane?"

Mama, wewe ndiye uliyesema "mume." Nikameza. Akasema atauliza ofisini kwao, akapiga simu palepale, akaongea muda mrefu na mtu, "ndiyo... ndiyo... hapana, si ndugu." Akakata. Wanaweza kubadilishwa wote watatu wawe wategemezi, na kadi inabaki. Niandike barua ya kuomba radhi kwa kutoa taarifa zisizo sahihi, na yeye mwenyewe ataandika ya kwake kwa kutohakikisha.

Nikamkuta baba barabarani, nikamwambia. Akatembea hatua chache.

"Kwa hiyo nilisema uongo bure."

"Ndiyo baba."

Akaendelea kutembea. "Si bure. Nimepata kijana wa ndege."

Ijumaa, 20 Machi

Mavuno yamekwisha. Zilizopasuka zimenunuliwa kwa bei ya kutupa. Idi leo kwa Nurdini, kapika pilau, kesho anaondoka Kondoa kusalimia. Hakuniita mke wa serikali. Siku nzima nilikuwa nangoja aniite, ndoo ya maji iko tayari.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi. Handali

Niko nyumbani. Nilimsindikiza Sila, nikasema nakaa siku mbili, nimekaa wiki. Siwezi kukaa, siwezi kuondoka. Nafagia uwanja uliofagiliwa.

Sila yuko juu ya kichanja shambani tangu alfajiri. Inhela ipo mfukoni, baba ameifunga na kamba kwenye kifungo kwa mkono wake, na kila jioni anaitikisa sikioni kusikia kama bado imo. Hajui kuitikisa hakumwambii kitu. Simwambii. Na yule Sila, aliyekuwa hana hewa ya kumaliza sentensi, anawapigia ndege kelele mpaka jirani wa ng'ambo kaja kuuliza nani huyo. Baba akamjibu, "Mwanangu."

Mchana ujumbe wa Nurdini ukaingia. Anauliza mzee kasemaje kuhusu yeye kuja kuposa, aje na nani. Sikumtuma aulize. Nikampelekea baba simu, akaisoma kwa mbali, mkono umenyooka.

"Aje. Lakini asije peke yake, aje na mtu mzima wa kwao. Ya dini tutaongea tukishakaa."

Nikarudi jikoni. Nimeandika jibu, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Mama Ursula alimuuliza Nurdini. Baba naye alimuuliza Nurdini. Nurdini sasa anamuuliza baba. Khaa! Katika habari yote hii ya mume wangu, hakuna aliyeniuliza mimi.

Nimemwandikia: *Kwanza uje peke yako, Hombolo, uniulize mimi.*

Jibu likaja sijaweka simu chini. *Na ukisema hapana? Natoka kwenye kadi?*

Nimemkumbuka na tope mpaka magotini, hana viatu, midomo imekauka. Nikamjibu upesi kabla sijafuta tena.

*Kwenye kadi unabaki hata nikikukataa. Sasa njoo.*